Viatu Rangi ya Damu ya Mzee

Nilipofika msibani kwa Mama Hidaya, kabla sijaangalia nani kaja na nani hajaja, niliangalia viatu. Vilikuwa vimerundikana mlangoni: ndala, kobazi, raba za vijana, na viatu vya kike ambavyo visigino vyake vimeanza kuliwa upande mmoja. Nikasimama pale na mkoba wangu mkononi kama mteja anayechagua, mpaka binti aliyekuwa akipokea wageni akaniuliza, "Shangazi, umepoteza kitu?" Sikuwa nimepoteza kitu. Marehemu ndiye aliyenifundisha kumsoma mtu kuanzia chini, na nadhani angenishangaa kama ningepita mlangoni kwake bila kutazama. Wanawake wa rika langu wakiulizwa wanapenda nini, hutaja wajukuu na afya njema. Mimi wajukuu wangu nawapenda sana, lakini hawavaliki. Nina jozi thelathini na moja za viatu, kila jozi ndani ya boksi lake, na wanangu wameshachoka kunikumbusha kwamba nina miguu miwili tu.

Walitukalisha wanawake kwenye mikeka katika kile chumba cha uani nilichokijua vizuri, maana ndimo nilimolala nilipokuwa mfanyakazi wake, ingawa sasa kina sakafu ya vigae na feni darini. Nilipokaa tu, mkono ukanishika goti. Alikuwa Regina wa Mwamkulu, nywele nyeupe pembeni, amefunga kitenge cheusi. Hatukuwa tumeonana miaka mingi. Akaniinamia sikioni akanong'ona, "Kabula, nilipoambiwa Mama Hidaya amefariki, nililia, halafu nikakumbuka siku ya kijiti, nikacheka jikoni peke yangu." Basi tukaanza kucheka wote wawili, midomo tumeifunika kwa khanga, mabega yanatikisika, na mama mmoja nyuma yetu akadhani tumezidiwa na uchungu akatupigapiga mgongoni kutupa pole. Tulizidi kucheka. Namwomba marehemu radhi, ingawa nina hakika yeye ndiye angeanza.

Mwaka ninaousema ni ule niliotimiza miaka kumi na tisa, nilipoajiriwa kwenye duka lake la viatu karibu na soko la Mpanda. Lilikuwa duka la vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na shelfu za mninga mpaka juu, viatu vya kike kulia, vya kiume kushoto, vya watoto chini ambako watoto wenyewe wangeweza kuvishika na kuanza kulia mpaka wanunuliwe. Hayo yalikuwa mahesabu yake. Cha nyuma kilitenganishwa kwa pazia la kitenge, na humo ndimo tulimokula na kupumzika. Asubuhi nilichemsha chai ya tangawizi kwenye jiko la mkaa. Mchana tulikula ugali na migebuka ya ziwani, iliyokaushwa ikarudishwa uhai kwa nyanya na vitunguu vingi, na Ijumaa tulikula wali wa Mwamkulu, ule unaonukia mpaka majirani wanapitisha salamu bila sababu. Harufu ya ngozi mpya, harufu ya mkaa na harufu ya samaki zilikaa pamoja mle ndani bila kugombana. Leo nikifungua boksi jipya la viatu nasikia njaa, na ukiniuliza kwa nini, jibu ni hilo.

Kazi yenyewe nilijifunza nikiwa nyuma ya pazia, nikisikiliza. Siku zile wanawake wengi wa vijijini hawakuja mjini kununua viatu. Aliyekuja ni mume, au kaka, au jirani mwenye baiskeli, na ndani ya mfuko wa shati amebeba kijiti kilichokatwa urefu sawa na mguu wa mwenye kununuliwa. Mwenye mke na mabinti watatu alikuja na vijiti vinne vimefungwa kwa uzi, kila kimoja na alama yake. Mama Hidaya alikitumbukiza kijiti ndani ya kiatu, na kikilala vizuri ikabaki nafasi ya ncha ya kidole, kiatu kilifungwa kwenye gazeti kikaenda zake Kabungu au Inyonga kuutafuta mguu wake. Lakini hakukiamini kijiti bila kukihoji. Sauti yake ilikuwa ndogo, na alihoji kama polisi. "Nani kakata hiki? Mwenyewe alikuwa amesimama au amekaa?" Maana mguu wa mtu aliyesimama hutanuka, na wa aliyekaa hujikunja kwa uvivu, na tofauti hiyo ndiyo inayotoa malengelenge. Nakumbuka mzee mmoja wa Kabungu aliyekuwa ametoka kula nyama choma sokoni. Wakati nimepanda kwenye stuli kumshushia viatu, alikivunja kijiti ncha akaanza kuchokonoa meno, macho yake yapo kwenye shelfu. Mama Hidaya alimwacha amalize. Kisha akamuuliza kwa upole, "Baba, hapo umemtafuna mkeo au mama mkwe?"

Mimi mwenyewe sikuhitaji kijiti, kwa sababu nilijua hakuna kiatu. Mguu wangu ni namba arobaini na mbili, na viatu vya kike Mpanda nzima viliishia arobaini. Nilivaa ndala za kiume. Kwenye ngoma nilicheza mstari wa nyuma, na wasichana wenzangu walisema nikipita njiani watu wanadhani kapita mchunga ng'ombe. Nilicheka nao, lakini iliniuma, tena iliniuma sana, na ndiyo maana niliipenda ile kaunta kuliko kitu chochote dukani: ilinificha kuanzia kiunoni kwenda chini. Kutwa nzima nilifuta vumbi, nilipanga, nilifunga kamba, nilimwambia mke wa mtu "hivi vimekupendeza" na nilimaanisha, halafu jioni nikaburuza ndala zangu kurudi chumbani. Nilikuwa kama mpishi anayepika akiwa amefunga.

Mvua za kupandikiza mpunga zilikuwa bado zinanyesha alipokuja Masanja. Alikuwa kijana wa Mwamkulu, kijiji nilikozaliwa nikakiacha nikiwa bado mdogo, mkulima, mrefu, mwenye aibu, tope limemkaukia mpaka magotini. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nachambua mchele. "Shikamoo mayu," nikamsikia akimwamkia Mama Hidaya, maana kwa Kisukuma mayu ni mama. Akaeleza kwamba akishavuna atafunga ndoa kanisani na binti anayeitwa Regina, na anataka kumshtukiza kwa viatu vizuri ambavyo havijawahi kuonekana Mwamkulu. Regina hajui. Shangazi yake Regina, aliyemlea, naye hajui. Viatu viagizwe, vikija vikae hapahapa dukani mpaka karibu na harusi, maana nyumbani kwao hakuna kitu kinachofichika. Akatoa kijiti. Mama Hidaya akakigeuzageuza. "Kirefu hiki. Nani kakata?" "Mimi mwenyewe, mayu." "Alikuwa amesimama?" "Alikuwa amesimama." "Kakanyaga chini vizuri?" "Chini kabisa." Mama Hidaya akaridhika. Alikuja kuniambia, miaka mingi baadaye, kwamba katika maisha yake yote ya biashara kulikuwa na swali moja alilosahau kuuliza, na ni siku hiyo.

Kijiti kilipanda treni na mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anatuletea mzigo, na baada ya wiki nyingi kikarudi ndani ya boksi pamoja na viatu. Nililifungua mimi. Mungu wangu! Vilikuwa vya rangi ya damu ya mzee, ngozi laini inayong'aa bila kelele, kisigino kifupi kilichonyooka, na mkanda mwembamba wa kuzunguka kifundo cha mguu wenye kishikizo cha shaba mfano wa jani. Ndani vilikuwa na ngozi ya rangi ya maziwa. Nikageuza soli kusoma namba: arobaini na mbili. Nikasoma tena. Kumbe duniani kuna mwanamke mwingine mwenye mguu kama wangu, tena yuko Mwamkulu, tena anaolewa! Nilimwonea wivu Regina kabla sijamjua, halafu nikampenda, halafu nikamwonea wivu tena.

Kesho yake Mama Hidaya alipotoka kwenda kununua mkaa, nikatandika mkeka kule nyuma ili soli zisichafuke, nikanawa miguu kwa sabuni, nikaifuta kwenye vidole kimoja kimoja, nikavivaa. Sijui niseme nini ili anielewe mtu ambaye viatu vimemkaa tangu utotoni. Mguu uliingia ukatulia. Hakuna kidole kilichojikunja, hakuna kisigino kilichobaki nje. Nikafunga kishikizo, nikasikia ule mlio wake mdogo, *tik*, nikainua gauni nikaangalia chini, na kwa mara ya kwanza miguu yangu ilionekana imekusudiwa. Ilikuwa mirefu, ndiyo, lakini mirefu kama shingo ya mtu mzuri. Nikatembea mkeka mzima, hatua nne kwenda, nne kurudi, mpaka chai ikamwagikia jikoni. Tangu siku hiyo nilivivaa kila asubuhi kwa muda ule ule wa chai kuchemka. Nilijua si vyangu. Nilijua kuvaa mali ya mteja ni kosa la kufukuzwa kazi. Na nilianza kuomba, jambo ninaloona aibu nalo mpaka leo, kwamba hiyo harusi isogezwe mbele kidogo. Siku moja niliingia nikakuta mkeka umeshatandikwa. Mama Hidaya alikuwa mbele anafungua makufuli, anaimba zake puani. Nikawasha jiko, nikanawa miguu.

Jumamosi moja baada ya mavuno, mchana, tukiwa tumemaliza kula, wakaingia watatu. Siri ilikuwa imevuja, kama siri za Mwamkulu zinavyovuja, na shangazi yake Regina alikuwa ameamua kwamba viatu vya harusi havisubiri kanisani, vinajaribiwa mapema. Alikuwa mwanamke mpana mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Masanja alitembea nyuma yake amevaa shati jipya. Na kati yao alikuwa Regina. Nikamwangalia chini haraka, namtafuta mwenzangu wa arobaini na mbili. Nikaona miguu miwili midogo, nadhifu, kama ya mtoto wa shule. Nikajua hapohapo kwamba kuna jambo limeharibika, na moyo wangu, badala ya kumhurumia, uliruka kwa furaha. Niliukemea. Haukusikia.

Mama Hidaya akaleta stuli, mimi nikapiga goti, nikamvalisha. Mguu wa Regina ulizama ndani ya kiatu, na nyuma ya kisigino chake pangeweza kukaa ndizi mbivu. Kisha shangazi akakichukua kiatu cha pili, akakipima kwa shubiri, akaingiza mkono ndani, akakisogeza kwenye mwanga wa mlango. "Hivi vimevaliwa," akasema. Na kweli, kwenye ile ngozi ya rangi ya maziwa, vidole vyangu vitano vilikuwa vimeacha vishimo vyao safi, kama mayai kwenye kiota. "Masanja. Umempimia nani hivi viatu?"

"Nimempimia Regina, shangazi."

"Regina huyu? Au kuna Regina mwingine?" Akageuka, macho yake yakashuka, yakanikuta nimepiga goti, ndala za kiume nyuma yangu zimelala kama mitumbwi. "Wewe binti. Simama. Kwenu wapi?"

"Mwamkulu," nikajibu, na hata mimi nilisikia jinsi jibu lilivyokuwa baya.

"Vaa."

"Shangazi, naomba..."

"Nimesema vaa!"

Nikamvua Regina kile kimoja, nikavaa vyote viwili. Hakuna kitu kigumu kama kuvaa kiatu unachokipenda mbele ya watu unaowaogopa. Viliingia kama vilivyozoea kuingia, kishikizo kikalia, na duka zima likaona kwamba viatu vya bibi harusi vimetengenezwa kwa ajili ya muuzaji. Regina alimwangalia Masanja. Hakulia, hakufoka, alianza kukunja khanga yake taratibu kama mtu anayejiandaa kurudi kwao. Masanja alijifuta jasho kwa mkono wa lile shati lake jipya. Na mimi nikaelewa kwamba nikinyamaza, kazi yangu itabaki na harusi itakufa pale dukani. Nitasema kweli: nilifikiri. Kazi ile ndiyo ilikuwa chakula changu na chumba changu. Sikufikiri muda mrefu, lakini nilifikiri.

"Vidole ni vyangu," nikasema. "Kaka huyu hanijui, wala mimi simjui. Viatu vilipokuja niliviona vizuri, nikawa navivaa kila asubuhi mkekani, bila ruhusa. Sijawahi kupata viatu vinavyonitosha. Nimekosa. Mama, nisamehe."

"Hilo nilijua," akasema Mama Hidaya, kwa ile sauti yake ndogo. "Mkeka nilikuwa namtandikia mimi. Sasa wewe Masanja, meza mate yako uniambie. Kijiti kile ulikipima wapi?"

"Chini, mayu. Kwenye nyayo zake."

"Nyayo zake ziko wapi?"

"Jarubani," akasema Masanja, na sasa alikuwa anakaribia kulia. "Tulikuwa tunapandikiza mpunga. Ningempima mguu angejua. Nikasubiri apite, nikapima pale alipokanyaga."

"Kwenye tope?" akauliza Mama Hidaya, akajishika kichwa. "Ya Rabi! Sikuuliza kama ni pakavu."

Shangazi akasema hizo ni hadithi, tope gani linalomkuza mtu namba tano. Regina ndiye aliyemnyamazisha. Alivua kiatu chake kilichobaki mguu wa pili, akanyanyua gauni, akapita pazia, akatoka uani ambako tulikuwa tunamwaga maji ya kuoshea vyombo na ardhi haikukauka mwaka mzima. Tukamfuata wote, mimi na damu ya mzee yangu miguuni, nachagua pa kukanyaga. Akatembea pale topeni hatua tatu, kama anavyotembea mtu mwenye mche mkononi. Mguu unaingia, unateleza mbele, unajivuta kutoka. "Leteni kijiti," akasema. Kilikuwa bado ndani ya boksi. Akakilaza mwenyewe kwenye wayo wa pili. Kikalingana, kisigino kwa dole gumba, hakikubaki hata upana wa uzi.

Regina akakiangalia, akamwangalia Masanja. "Kwa hiyo siku zile zote ulikuwa unanifuata nyuma jarubani na kijiti?"

"Siku moja tu," akasema Masanja. Halafu akasema, "Siku tatu. Viwili vilinivunjikia."

Regina ndiye aliyecheka wa kwanza. Alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo, na shangazi, ambaye alikuwa bado na hasira ya kumalizia, aliishikilia kidogo, ikamponyoka, na kicheko chake kilileta watu kutoka sokoni kuuliza kulikoni. Tukarudi ndani, nikamwosha Regina miguu, akachagua viatu vyeupe namba thelathini na saba, akavivaa kanisani na vilimpendeza. Msibani ameniambia kwamba mpaka leo Masanja akitumwa kununua viatu anarudi na sukari, eti hajiamini. Na Mama Hidaya hakunifukuza. Alinisema jioni ile kwa dakika chache, kwa sababu kosa ni kosa, kisha akapakua chakula.

Vile viatu vilirudi kwenye boksi, boksi likarudi kwenye shelfu. Siku kadhaa nilizunguka nalo machoni. Mwisho nikamwambia kwamba nina akiba yangu, niliyokuwa nimeiweka ya kununulia godoro, nami nimeamua kulala kwenye mkeka. Nilitegemea kidogo kwamba atasema chukua tu, mwanangu. Hakusema. "Sikupi bure," akasema. "Nikikupa, kila ukivivaa utaniona mimi. Nunua, uvae kwa raha zako. Na usinunulie hapo nyuma ya kaunta. Toka nje, uingie kama watu."

Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikazunguka, nikaingia kwa mlango wa mbele. "Karibu mteja," akasema Mama Hidaya, uso umekauka kabisa. Akaniwekea stuli. Akauliza nataka nini, nikamwambia. Akauliza namba, na nikaitaja namba yangu kwa sauti mbele ya wateja wengine wawili, mara ya kwanza maishani. Akashusha boksi. Kisha mama yule, mtu mzima, mnene, mwenye magoti mabovu, niliyemwamkia shikamoo kila asubuhi, akajishusha chini polepole, akaushika mguu wangu, akaupangusa kwa upindo wa khanga yake, akanivalisha. "Vinabana?" akauliza. Nikatikisa kichwa. "Basi usilie, utavitia madoa."

Nikalipa, nikatoka. Sikuwa na pa kwenda. Ndala zangu zilikuwa kwenye boksi kwapani. Nikashika njia ya sokoni, katikati, mahali ambapo sikuzote nilipita pembeni. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akiuza mchicha chini kwenye gunia, simjui na hanijui, na kwa kuwa alikaa chini, kitu cha kwanza alichokiona kikija kilikuwa ni mimi kuanzia vidoleni. Akaacha kufunga mafungu yake. "Binti," akasema, "una miguu mizuri."

Nikamshukuru. Nikaenda mpaka mwisho wa safu ya wauza mboga, nikageuka, nikapita tena.